Mwale Ulifika Nikiwa Nyuma ya Ukuta

Mwaka uliofuata Kombe la Dunia, bendera zilizochujuka zikiwa bado zinaning'inia kwenye madirisha ya maghorofa ya Durban, mimi na mwenzangu tulikuwa tukikaa fleti moja mtaa wa Umbilo na kufanya kazi chumba kimoja. Mimi ni mtu wa Tanga. Yeye ni wa Bukavu. Aliletwa Afrika Kusini akiwa binti mdogo, mkimbizi pamoja na dada yake, akasoma hapo hapo mjini mpaka akawa mhandisi wa umeme. Mimi nilikwenda nikiwa mtu mzima, nina shahada yangu ya fizikia na mkataba wa kazi. Kwa kuwa nilimzidi umri, aliniita yaya, kama wanavyomwita kwao dada mkubwa. Mwanzoni nilicheka, maana kwetu yaya ni mlezi wa watoto. Baadaye nikalizoea, na nikajikuta kweli namlea.

Kazi yetu ilikuwa kuamsha mashine mpya. Ilikuwa ni mashine ya kuchapusha chembe ndogo mno zisizoonekana kwa jicho: zinazungushwa ndani ya chuma kikubwa cha sumaku mpaka zinapata kasi ya ajabu, kisha zinatoka kama mwale mwembamba, zinapita kwenye bomba lililonyonywa hewa yote, na mwishoni zinagonga shabaha. Kutokana na shabaha ile zingepatikana dawa za kupimia saratani hospitalini. Mashine ya namna hiyo huwezi kuiwasha kama unavyowasha jiko. Unaiamsha kwa hatua. Kwanza unahakikisha chembe zinazaliwa na kuingia. Kisha unazizungusha kwa nguvu ndogo na kuzipitisha nusu ya bomba. Kisha, ukishajiridhisha na kila sumaku na kila vali, unaupeleka mwale mzima mpaka mwisho wa safari. Kila hatua ina siku zake za wasiwasi, na kila hatua ina keki yake.

Hatua ya kwanza tuliimaliza pamoja. Nakumbuka alivyonishika mkono chini ya meza pale nukta ndogo ya kijani ilipotokea kwenye skrini, wanaume wote wa chumba kile wakiwa wamekaza shingo, na yeye akaninong'oneza, "Yaya, iko! Iko, angalia!" Mkuu wetu, mzee mmoja mpole wa pale pale Natal ambaye sote tulimwita Prof, alizunguka akimpa kila mtu mkono. Alipotufikia alisema angekuwa na watu wengine wawili kama sisi, angelala usingizi.

Nyumbani tulikuwa kama watu waliozaliwa tumbo moja. Mwezi wa Ramadhani, yeye Mkristo, aliamka kunipashia uji wa daku. Nilipofiwa na baba yangu nikashindwa kusafiri, alikaa nami sakafuni, akanipa tu mkono wake niushike. Naeleza haya ili ieleweke kwamba sikuwa nikiishi na mtu baki.

Msiba wa hatua ya pili ulianza na jino langu.

Lilikuwa gego la chini, upande wa kushoto. Lilinisumbua wiki nzima, na asubuhi ile niliamka shavu limevimba. Nilikwenda kazini hivyo hivyo kwa sababu ilikuwa zamu yangu kwenye meza ya kuongozea. Tulikuwa tunapeleka mwale mdogo nusu ya bomba, na kila baada ya muda mfupi ulikuwa ukijizima. Shida haikuwa mwale. Kulikuwa na vali moja katikati ya bomba, na kifaa chake cha kutoa taarifa kilikuwa na hitilafu. Kiliiambia mashine kwamba vali imefungwa hata ilipokuwa wazi. Kinga ya mashine ikisikia vali imefungwa, inauzima mwale papo hapo, na ni vema, kwa sababu mwale wenye nguvu ukikuta bamba la vali njiani unalitoboa.

Prof alisimama nyuma yangu, akatazama mara kadhaa mwale ukija na kupotea, kisha akaniambia niiondoe kinga ya vali ile. "Kwa leo tu," alisema. "Tutairudisha jioni. Mkiwa mezani, itazameni vali kwenye kamera kwa macho yenu kabla ya kuongeza nguvu."

Niliiondoa. Kazi ikaenda vizuri mpaka adhuhuri, wakati maumivu yaliponifikia sikioni na nikawa sioni namba vizuri. Prof akanihimiza niende kwa daktari wa meno. Mwenzangu akaja kupokea zamu. Nilimwonyesha nilipofikia, nikamwambia kinga ya vali ya katikati imeondolewa, kwa hiyo aitazame kwenye kamera kila mara. Nilimwambia kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiingereza, kama tulivyozoea kwa mambo ya hatari. Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Jino lilikuwa limeng'olewa, nusu ya uso wangu imekufa ganzi, ninasubiri dawa dirishani, simu ilipoita. Alikuwa fundi mmoja wa pampu. Alisema hewa imeingia kwenye bomba, pampu zote zimezima, nirudi.

Nilipofika walikuwa wamekaa kwenye chumba cha mikutano. Vali ilikuwa imefungwa wakati wa mapumziko ya chakula, kama kawaida, na haikufunguliwa. Mwenzangu aliongeza nguvu bila kutazama, mwale ukatoboa bamba, hewa ikajaa, na sehemu kadhaa za thamani zilizokuwa mbele yake zikaharibika. Alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono katikati ya magoti. Nilitaka kumkumbatia.

Mkurugenzi wa jengo, mtu ambaye kwa kawaida hatukumwona, aliniuliza kama nilikabidhi zamu. Niliinamisha kichwa kukubali. Akauliza kama nilisema juu ya kinga. Nikajaribu kujibu, ulimi ukaniangusha. Maneno yalitoka kama ya mlevi, na mate yenye damu yakanichuruzika kidevuni. Mwenzangu akanipa tishu. Kisha mkurugenzi akamgeukia yeye.

"Sikumbuki kusikia habari ya kinga," alisema. Alisema taratibu, akitazama zulia.

Nilimtazama Prof. Alikuwa mlangoni tulipokabidhiana, amesimama na kikombe chake cha chai. Aliniangalia kwa huruma kubwa. "Alikuwa na maumivu makali," aliwaambia wenzake. "Mtu mwenye maumivu kama yale anaweza kuamini amesema jambo ambalo hakulisema. Tusimhukumu."

Sijui kama mtu ambaye hajapatwa ataelewa. Sikuanza kwa kukasirika. Nilianza kwa kujiuliza. Nilikuwa nimemeza dawa za maumivu tangu asubuhi. Watu wawili niliowaamini kuliko wote pale ndani, mmoja anasema hakusikia, mwingine anasema kwa upole kwamba huenda sikusema. Mimi ni nani nipinge? Usiku na mchana nilirudia dakika zile kichwani: nimesimama hapa, yeye amekaa pale, nimesema hivi. Kadiri nilivyozirudia ndivyo zilivyochakaa, mpaka nikawa sina hakika hata kama nilimuaga.

Siku chache baadaye, jikoni kwetu, nilimwomba radhi. Nilimwambia, "Mdogo wangu, nisamehe. Nilikuacha kwenye hatari, ningeweza kukuharibia maisha."

Alikuwa anakata vitunguu. Hakugeuka. "Usiwaze, yaya," alisema. "Ile imepita."

Sikufukuzwa. Hilo waliniambia kama zawadi. Niliondolewa kwenye meza ya kuongozea nikapelekwa upande wa usalama wa mionzi, kutembea na kipimo mkononi nje ya kuta nene za zege nikihakikisha hakuna kinachovuja. Kazi ya heshima, sikatai. Lakini mtu aliyekuwa akiupika wali, akapewa kazi ya kunusa harufu barazani, anajua amewekwa wapi. Vijana wa umeme waliacha kuniuliza maswali. Mmoja alizoea kunitania kila nikipita, "Umefunga vali, sisi?", yaani dada kwa lugha yao, na wengine wanacheka, eish, utani tu.

Ukarabati ulichukua miezi. Hatua ya tatu ilipofika, mwale ukapelekwa mzima mpaka kwenye shabaha, mwenzangu ndiye aliyekaa mezani. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta, kwenye korido ya nje, kipimo changu mkononi. Ukuta ule ni mnene, lakini kipimo kile ni kikali. Ulikuwapo mlio mmoja mmoja wa kawaida, kisha nikasikia milio ikisogeleana kidogo, bado ndani ya kiwango salama. Nikajua mwale umefika. Muda mfupi baadaye nikasikia makofi na vigelegele kutoka ndani. Nilijibana ukutani nikalia kwa furaha na kwa aibu, kwa sababu niliamini kwamba kutokuwamo mle ni adhabu yangu ya haki.

Jioni mwenzangu alinikuta nimelala. Alikuwa ameniletea kipande cha keki, amekifunika kwa karatasi, amekiweka kwenye friji. Nilikila asubuhi.

Ukawa umepita karibu mwaka tangu siku ya jino. Kisha mama wa mwenzangu akaja kutoka Bukavu.

Dada yake mkubwa alikuwa amejifungua, naye alikaa Albert Park, kwenye moja ya yale maghorofa ambayo ngazi zake zinanuka mafuta ya kukaangia na sabuni, na kila mlango unasikika Kiswahili cha Kongo au Kirundi. Mama alikuja kumwona mjukuu. Jumapili moja tulialikwa kula, mimi na mwenzangu. Nilipofika niliambiwa kwamba mama alikuwa amewatuma watu mpaka kwa mchinjaji Mwislamu ili kuku awe halali kwangu. Alikuwa amepika sombe, kisamvu cha kwao, na sambaza kavu, dagaa wa ziwa lao, alizozibeba mwenyewe kwenye sanduku. Mwanamke mfupi, mnene, amevaa kitenge cha sherehe. Aliponiona alisimama.

"Njo wewe ule Mutanzania?"

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

Hakuitikia shikamoo, kwao haipo. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akanitazama mpaka macho yake yakajaa machozi. Mwenzangu alikuwa chumbani na dada yake wanambadilisha mtoto nepi. Mama akanikalisha karibu naye.

"Nilikuwa nataka nikuone na macho yangu mbele nikufe," alisema. "Mutoto yangu aliniambia yote. Aliniambia ye njo alikosa, ye njo hakuangalia ile mashini. Na wewe ulikuwa ulimuonya. Halafu wakubwa walipouliza, ukakubali kubeba makosa yake juu asifukuzwe. Hata ndugu wa tumbo moya hawezi kufanya vile. Mungu akubariki, mwanangu. Mungu akuzalishe."

Nilimwomba arudie. Nilijifanya sikuelewa Kiswahili chake. Akarudia, polepole, maneno yale yale, huku akinipapasa mgongo wa mkono: na wewe ulikuwa ulimuonya.

Nilisikia maji yakimwagika bafuni, na mtoto analia. Kitu cha kwanza nilichohisi, na nashangaa hadi leo, kilikuwa ahueni. Nilisema! Sikuwa na wazimu, jino halikunila akili, nilisema kwa lugha zote mbili. Kisha ahueni ile ikageuka ikawa moto.

Mwenzangu akatoka chumbani amebeba mtoto. Aliona mkono wa mama yake juu ya wangu, akaona uso wangu. Akasimama pale pale.

Kwetu humvui mtu nguo mbele ya mamaye. Na yule mama alikuwa amekuja na sambaza. Nikasema, "Asante, mama. Amina." Nikala. Nilikula sombe, nikala kuku, nikamsifu mtoto, nikacheka palipostahili kucheka. Sijawahi kula chakula kizito namna ile.

Tulirudi Umbilo kwa miguu. Yeye alitaka taksi, mimi nikaendelea kutembea, akanifuata. Tulipofika kwenye robot, kama wanavyoziita kule taa za barabarani, karibu na maduka yaliyofungwa, taa ikawa nyekundu, tukalazimika kusimama.

"Siku ile ulinisikia?" nilimuuliza.

"Yaya..."

"Ulinisikia au hukunisikia?"

"Nilikusikia."

Taa ikageuka kijani. Hakuna aliyevuka.

"Nilitishika," alisema. "Wewe uko na kwenu. Wakikufukuza, unapanda ndege, unashuka Dar, una mama na kaka. Mimi nikifukuzwa naenda wapi? Karatasi zangu zinategemea ile kazi. Dada yangu alikuwa na mimba. Nilisema lile neno moja, sikumbuki, nilifikiri utabisha. Ulipokosa kubisha..."

"Nilikuwa sina mdomo! Nilikuwa nimekufa ganzi!"

"Najua."

"Nikakuomba radhi. Jikoni. Nilikuomba radhi wewe, ukaendelea kukata vitunguu."

Alianza kulia. Nikamuuliza kwa nini basi alimweleza mama yake habari ile ya uongo mtamu. Alisema mama yake akimwuliza jambo hawezi kukana kosa lake. Alishindwa kumwambia hakukosa. Lakini pia alishindwa kumwambia kwamba alimsingizia mtu. Kwa hiyo akatengeneza dada mwema aliyejitolea.

"Ungeniomba," nilisema. "Ungekuja nyumbani siku ile ile ukaniambia, yaya, nibebee hili."

"Ungekubali?"

Nikavuka barabara. Huenda ningekubali. Nilimpenda vya kutosha. Lakini alichagua kuchukua bila kuomba, na juu yake akaniacha mwaka mzima niamini kichwa changu mwenyewe si cha kuaminika.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Prof. Nilimweleza yote, hasa nikitumaini atashtuka. Hakushtuka. Alivua miwani, akaifuta kwa tai.

"Nilikuwa mlangoni," alisema. "Nilisikia ukimwambia. Sielewi Kiswahili, lakini Kiingereza nilikisikia."

"Ukanyamaza?"

"Kinga niliamuru mimi iondolewe. Wangeanza kuuliza nani alisema nini, wangefika kwangu, na mradi ungesimama. Labda moja kwa moja. Yeye tulimhitaji kwa hatua ya tatu, hakuna mwingine aliyeijua mitambo yake ya umeme. Kazi yako wewe ningeweza kuifanya mwenyewe." Alisema bila ukali wowote, kama mtu anayeeleza kwa nini alipita njia hii badala ya ile. "Nilihakikisha hufukuzwi. Nilifikiri nimekutendea wema."

Nilimwambia naomba jambo moja: kwenye mkutano wa Jumatatu, mbele ya watu wote, aseme kwamba nilikabidhi zamu sawasawa. Maneno hayo tu. Asitaje jina la mtu mwingine. Alisema atafikiri. Akaongeza kwamba kuna nafasi mezani kwa awamu ya mwisho, ya kuongeza nguvu ya mwale, na angefurahi nikirudi.

Jumatatu ilikuja, mkutano ukaanza na habari za pampu ukaisha na habari za maegesho ya magari. Prof hakuinua macho. Jumatatu ya pili, vivyo hivyo. Mwenzangu naye alichora vinyota pembeni ya karatasi yake. Baada ya mkutano ule nilikwenda mwenyewe mbele ya wale vijana wa umeme, nikawaambia nilisema, na wawili walinisikia, na wote wawili wamekubali mbele yangu. Wakatazamana. Yule wa utani akasema, "Sharp, sisi, sawa, ni mambo ya zamani," akafungua kompyuta yake. Nikaelewa kwamba hakuna mtu aliyekuwa akiungoja ukweli wangu. Ulikuwa umechelewa kama mgeni anayefika vyombo vimeshaoshwa.

Sikuirudia ile meza. Mkataba ulipokwisha sikuomba mwingine. Mwenzangu alikuwa amekwisha kuhamia Albert Park kwa dada yake; aliondoka siku niliyokuwa kazini, akaacha fleti imefagiwa na unga wa uji wa ulezi kwenye kopo jipya, ambao nilimpa mlinzi wa getini. Nikarudi Tanzania, nikapata kazi hospitalini, kwenye mashine za tiba ya mionzi. Mama yake alikuwa akinipigia simu kila Krismasi, ingawa alijua dini yangu, kuniombea. Nilipokea kila mara. Sikumwambia kitu.

Miaka ikapita. Mwaka 2015 wageni walipoanza tena kushambuliwa katika mitaa ya Durban, niliona kwenye televisheni barabara ninazozijua, maduka yamefungwa mabati, watu wenye magodoro kichwani. Nilitoka barazani nikampigia. Namba yake sikuwa nimeifuta.

Alipokea kwa sauti ya chini. Alisema wako ndani, yeye, dada yake, watoto wa dada, wawili sasa, na jirani Mrundi. Kazini walimwambia akae nyumbani mpaka hali itulie. Nikamuuliza kama wana chakula. Wanacho. Kama mlango ni wa chuma. Ni wa chuma.

Nyuma yake nilisikia mtoto anauliza ni nani.

"Yaya," akasema, "kwa ile habari ya..."

"Nimepiga kujua kama mko salama."

"Tuko salama."

"Basi vizuri. Msitoke."

Nikakata simu. Mume wangu aliniuliza nilikuwa naongea na nani, nikamwambia ni mtu tuliyefanya naye kazi zamani. Ilikuwa kweli, nami sikuwa na neno jingine la kumwita.